Sota anakata miche usiku: mpime urefu kabla ya kununua dawa nyingine

Swali la msomaji: "Nimehamishia nyanya na kabichi shambani wiki iliyopita, na pembeni nina mahindi yenye majani matatu. Kila asubuhi nakuta miche imelala chini, shina limekatwa usawa wa udongo, majani yenyewe hayajaguswa. Nimepuliza dawa ya wadudu mara mbili asubuhi na mapema, nimezungushia majivu, nimeziba mapengo kwa miche mipya, na mipya nayo imekatwa. Ni mdudu gani huyu, na nifanye nini sasa?"

Ndugu msomaji, kwa dalili ulizoeleza huyo ni sota, kiwavi mkata miche. Wapo wa aina nyingi, lakini wanaosumbua mashamba mengi zaidi duniani ni wawili, Agrotis ipsilon na Agrotis segetum, wote watoto wa nondo wa usiku wa familia ya Noctuidae. Dawa yako ya asubuhi ilikaukia juu ya majani wakati mdudu mwenyewe ameshajizika udongoni tangu alfajiri. Usiku akitoka, hali majani hayo. Anauma shina pale linapotokea udongoni, anakula kidogo, anahamia mche wa pili. Kwa hiyo sumu nyingi uliyoweka hakuigusa wala hakuimeza.

Usinunue chupa nyingine kabla hujamfukua mmoja na kumpima urefu. Urefu wa kiwavi ndio unaoonyesha kama dawa ina kazi au ni fedha ya bure.

Kumkamata na kumhakiki

Nenda shambani asubuhi jua halijawa kali. Tafuta mche uliokatwa usiku huohuo: majani yake bado ni mabichi na jeraha la shina lina unyevu. Mche wa juzi haukusaidii, mkataji ameshahama. Kwangua udongo taratibu kwa kijiti kuzunguka kisiki, sentimita 10 kila upande na kina cha sentimita 5. Ardhi ikiwa kavu shuka zaidi kidogo, maana sota hufuata unyevu. Pekua pia chini ya mabonge na chini ya mche wenyewe ulioanguka, kwani mara nyingine huuvuta nusu ndani ya shimo lake. Ukikosa asubuhi, rudi na tochi saa mbili baada ya giza kuingia, utawakuta juu kazini.

Sota ana rangi ya kijivu inayoelekea weusi au kahawia chafu, ngozi laini kama iliyopakwa mafuta, bila manyoya ya kuonekana. Ukimgusa anajikunja duara. Kujikunja peke yake hakutoshi kumtambua, kwa sababu funza weupe wa mbawakavu nao wamejipinda hivyohivyo. Tazama miguu. Funza wa mbawakavu ni mweupe, kichwa cha kahawia, ana jozi tatu tu za miguu karibu na kichwa, na kazi yake ni kula mizizi: mche hunyauka ukiwa umesimama. Sota ana jozi hizo tatu, na zaidi ya hizo ana jozi nne za miguu minene ya nyama katikati ya tumbo na moja mkiani.

Kwenye mahindi, kiwavijeshi vamizi mkubwa naye anaweza kukata mche mchanga chini. Huyo ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne meusi yaliyokaa mraba karibu na mkia. Konokono huacha utelezi unaong'aa. Ndege hung'oa mche mzima na kuacha kitundu. Mchwa hutafuna shina kwa ndani na kuacha udongo waliojengea. Kinyausi, ugonjwa wa miche kitaluni, hulainisha na kuozesha shina hadi likawa jembamba kama uzi, halina alama ya meno. Jeraha la sota halina uozo na limekatika wazi, au limetafunwa nusu na mche umeinama.

Hesabu hasara huku ukitafuta. Chagua sehemu tano za shamba zilizoachana, kagua miche 20 mfululizo kila sehemu, andika iliyokatwa. Hiyo ni miche 100, kwa hiyo namba unayopata ndiyo asilimia. Usikague ukingoni tu, ingawa mara nyingi wanaanzia huko na kwenye mabonde yenye unyevu, kwa kuwa ukingo utakutisha kuliko hali halisi ya shamba.

Umri wake una maana gani

Nondo jike wa Agrotis ipsilon huanza kutaga siku 7 hadi 10 baada ya kutoka kwenye pupa (ganda ambamo kiwavi hugeuka nondo), na anaweza kutaga mayai 1,200 hadi 1,900, moja moja au mafungu madogo. Huyaweka kwenye magugu mafupi yenye majani mapana, mabaki ya mazao na udongo wenye unyevu. Mara nyingi hayawekwi kwenye zao lako, kwa sababu siku ya kutaga zao halijapandwa. Nondo anachagua shamba lenye kijani cha magugu, na wewe unakuja baadaye unalima na kupanda juu ya viwavi ambao tayari wapo. Ndiyo sababu miche inaanza kukatwa siku mbili tatu tu baada ya kuhamishwa, na mkulima anadhani wadudu wamevamia ghafla.

Yai huanguliwa baada ya siku 3 hadi 6 kukiwa na joto. Kiwavi mchanga ana urefu wa milimita chache, anakaa juu ya mmea usiku na mchana, anatoboa vitundu vidogo kwenye majani. Karibu hakuna mtu anayemwona katika kipindi hiki, na ndicho kipindi ambacho ni rahisi sana kumwua. Akishajivua ngozi mara tatu, akiwa na urefu wa sentimita moja hivi, tabia inageuka: anaanza kuukimbia mwanga, anajizika mchana, anakata usiku. Anaendelea kujivua ngozi hadi hatua ya sita au ya saba, akifikia sentimita 4 hadi 5. Katika maisha yake yote ya kiwavi hula takriban sentimita za mraba 400 za jani, na zaidi ya asilimia 80 ya hizo huliwa katika hatua ya mwisho pekee. Kisha anachimba chumba kidogo udongoni, anakuwa pupa ya kahawia yenye urefu wa sentimita 2 hivi, na baada ya siku 12 hadi 20 nondo mpya anatoka.

Mwendo huo unaongozwa na joto, na unaweza kuukokotoa. Chini ya nyuzi 10 za Selsiasi ukuaji karibu unasimama. Chukua wastani wa joto la siku, toa 10, jumlisha siku baada ya siku tangu mayai yalipotagwa. Jumla ikifika 170 hivi, viwavi wanaanza kukata. Ikifika 350 hivi, wanaingia kwenye pupa. Wastani ukiwa nyuzi 25, kila siku inachangia 15, kwa hiyo kukata kunaanza siku ya 11 au 12 na kunaisha siku ya 23 au 24. Wastani ukiwa nyuzi 20, kipindi hicho kinasogea hadi siku ya 17 mpaka ya 35. Kipindi cha hatari kina mwanzo na mwisho, ukikijua huna haja ya kupuliza mwezi mzima.

Sasa rudi kwa yule uliyemfukua. Wengi wakiwa chini ya sentimita 2.5, ulaji mkubwa bado uko mbele, na kuchukua hatua leo kunalipa. Wengi wakiwa sentimita 4 na kuendelea, wamebakiza siku chache wajifungie, na pia miili yao imeshakuwa migumu kwa sumu. Hapo dawa huonekana imefanya kazi kwa sababu ukataji unasimama, kumbe wangeacha wenyewe. Hadithi nyingi za dawa za ajabu za sota zinatokana na bahati hii ya tarehe.

Wiki hii ufanye nini

Anza na mkono. Kwenye bustani au robo ya ekari, kuwafukua kila asubuhi kwenye miche iliyokatwa usiku ule kunashinda njia nyingine zote, na matokeo yanaonekana haraka, kwa sababu kiwavi mmoja ndiye anayekata miche kadhaa mfululizo kwenye mstari uleule. Usizibe pengo kabla hujampata aliyelifanya. Mche mpya ukiuweka juu ya sota aliye hai umempelekea chakula mezani. Hilo ndilo lililokutokea.

Kwa nyanya, kabichi, pilipili na bilinganya, kila mche unaohamishwa sasa uvishwe kola. Kata bomba la karatasi ngumu, kikombe cha plastiki kilichotolewa kitako au kipande cha chupa, urefu wa sentimita 8 hadi 10. Zamisha sentimita 3 ndani ya udongo, zibaki 5 au zaidi juu. Acha nafasi ya kidole kati ya kola na shina, majani yasiegemee nje ya ukingo yakawa daraja. Kosa linaloharibu kola ni moja: kumfungia sota ndani. Pekua udongo wa shimo kabla ya kuivisha. Karatasi itaoza yenyewe baada ya wiki kadhaa, wakati shina limeshakuwa gumu. Plastiki iondoe mwenyewe.

Vijiti viwili vyembamba vilivyochomekwa vikigusa shina pande mbili husaidia pia, maana sota hujizungushia shina ili alikate na kijiti kinamzuia asilikumbatie. Ni kinga ya wastani, inafaa pale kola hazipatikani. Majivu hukwaruza ngozi yao yakiwa makavu tu. Umande mzito au mvua moja inayamaliza, na ukiyarudia mara kwa mara unaufanya udongo uwe na alkali nyingi, kinyume cha asidi, hadi mmea ukakosa baadhi ya virutubisho. Maganda ya mayai yaliyosagwa sioni sababu ya kuhangaika nayo.

Mahindi yahukumiwe tofauti. Ncha ya ukuaji ya mhindi mchanga iko chini ya udongo mpaka unapofikisha majani matano au sita. Ukikatwa usawa wa ardhi au juu yake, mara nyingi unachipua tena, ingawa unachelewa. Ukikatwa chini ya ncha hiyo umekwisha. Udongo ukiwa mkavu sota hukata chini zaidi, kwa hiyo ukame huongeza vifo hata idadi ya viwavi ikiwa ileile. Pasua kwa wembe mche mmoja uliokatwa, kuanzia juu kushuka hadi mizizini: ncha ikiwa nyeupe na ngumu, subiri siku nne tano uone jani jipya. Ikiwa imelainika na kubadilika rangi, hesabu mche huo kuwa umekufa. Nyanya, kabichi na maharage hayana bahati hiyo, ncha yao iko juu, na mche uliokatwa chini ya majani ya kwanza haurudi.

Kiwango cha kuanza kutumia dawa kwenye mahindi ni miche 3 hadi 5 kati ya 100 iliyokatwa, viwavi wakiwa bado wadogo na mahindi hayajapita majani matano. Kwenye mboga za kuhamishwa, ambako kila mche una gharama na nafasi kati yao ni pana, usisubiri zaidi ya miche 2 au 3.

Ukiamua kutumia dawa

Chambo kinamfaa sota kuliko upuliziaji, kwa kuwa anatembea juu ya ardhi usiku akitafuta chakula. Chukua pumba kavu ya ngano au mahindi kilo 10, molasi au maji ya sukari nzito nusu lita hadi lita moja, na kiuatilifu kilichosajiliwa kwa matumizi hayo kwa kipimo cha kibandiko chake. Changanya kiuatilifu na molasi kwenye maji kwanza, kisha mimina kidogokidogo kwenye pumba huku ukigeuza, umevaa glovu. Acha kuongeza maji pumba ikishikana lakini haivuji. Ikilowa sana inakuwa mabonge, yanapata ukoko na hayaliwi. Mwaga jioni karibu na giza, nyembamba kando ya mistari, kilo 20 hadi 25 kwa hekta, ardhi ikiwa na unyevu na mvua haitarajiwi usiku huo. Ukimwaga asubuhi jua linakausha chambo kabla mlaji hajaamka. Kuku, mbwa na ndege wanaipenda pumba tamu kuliko sota, kwa hiyo usiache mirundo, na wafungie kuku mpaka chambo kimekwisha kabisa.

Ukipuliza, puliza jioni, ukielekeza pua ya bomba kwenye kitako cha mche na ukanda wa udongo wa sentimita 20 hadi 30 kuuzunguka. Maji yawe mengi kuliko ya kupulizia majani. Udongo uliokauka na kufanya gamba unyweshe kidogo siku moja kabla, viwavi wapande karibu na uso. Usifukie wala kupalilia kwa siku tatu nne. Dawa za kundi la pairethroidi, kama lambda-sihalothrini, zinafanya kazi kwa kugusa, klorantraniliproli hufanya kazi zaidi ikiliwa. Kanuni za kila nchi ni tofauti, soma kibandiko na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Klopirifosi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo dawa ya udongo ya kila mtu, Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu mwaka 2020 kwa sababu ya madhara yake kwa ubongo wa watoto, na nchi nyingine nyingi zimeifunga pia. Kama chupa uliyonayo stoo ni hiyo, usiitumie kwenye mboga.

Bakteria ya Bacillus thuringiensis ni nzuri kwa viwavi wachanga walio juu ya majani. Kwa sota mkubwa haifiki mbali, kwa sababu lazima imezwe na yeye hali jani la juu. Ichanganye kwenye chambo ukitaka ilete faida.

Wasiotaka kemikali wana njia moja ya kibiolojia ninayoiamini kwa mdudu huyu: minyoo wadogo sana wa Steinernema carpocapsae. Hawa hukaa karibu na uso wa udongo wakivizia kinachopita, tofauti na jamaa zao wanaozama kufuata funza wa mizizini. Wakimwingia kiwavi wanaachia bakteria waliowabeba, na anakufa ndani ya siku mbili hivi. Kipimo cha kawaida ni minyoo 25 kwa kila sentimita ya mraba, sawa na 250,000 kwa mita ya mraba. Udongo uwe na joto la nyuzi 15 hadi 30. Unyweshe kwanza, puliza jioni, nyunyizia tena maji mepesi mara moja, kisha udumishe unyevu wiki nzima. Toa vichujio vidogo ndani ya bomba, vinawanasa. Tikisa tangi kila mara, maana wanatuama chini. Wanaposhindwa, sababu ni karibu kila mara ile ile: walipulizwa mchana wa jua, au walifika wameshakufa kwa kukaa kwenye joto. Weka tone la mchanganyiko kwenye kioo, litazame kwa lenzi. Walio hai wanajipinda au wanajikunja kama herufi J, waliokufa wamenyooka kama sindano.

Kabla ya kupanda tena

Hapa ndipo palipo na faida kubwa kuliko yote niliyoandika hapo juu. Shamba lisiwe na kijani kwa wiki mbili hadi tatu kabla ya kupanda. Lima, ng'oa magugu, yatoe au yafukie kabisa, kisha pitisha haro mara ya pili baada ya siku kumi ili magugu yaliyochipua upya yasiwe makazi. Jembe huwaponda baadhi ya viwavi na pupa na kuwatoa wengine juu wakaliwa na ndege au kukauka juani, lakini kazi kubwa inafanywa na njaa: kiwavi mchanga hana akiba ya kukaa wiki mbili bila jani. Mkubwa anastahimili zaidi, kwa hiyo wiki tatu ni bora kuliko mbili.

Kuua magugu kwa dawa siku tatu kabla ya kupanda ni kosa baya kuliko kuyaacha. Viwavi wanabaki hai kwenye magugu yanayokufa polepole, na mche wako unakuwa kitu pekee kibichi kilichobaki.

Maji nayo yanafanya kazi kwa wakati wake. Viwavi wachanga wa Agrotis segetum hawavumilii mvua nzito wala umwagiliaji mkubwa wanapokuwa bado juu ya majani, wengi hufa. Misimu mikavu ndiyo inayoleta mashambulizi yake makubwa kwenye karoti na viazi, ambavyo hutobolewa mashimo ndani ya ardhi. Agrotis ipsilon ana mapenzi ya kinyume, hupendelea mabonde na sehemu zilizotuama maji. Usichukue ushauri wa maji wa jirani kabla hujajua una yupi.

Ukiwa na eneo kubwa, weka mtego wa feromoni, yaani harufu ya nondo jike, mwezi mmoja kabla ya kupanda. Unanasa madume tu, kwa hiyo haupunguzi mayai. Kazi yake ni kukupa tarehe. Katika ukanda wa mahindi wa Marekani hutumia kiwango cha nondo 9 au zaidi kwa mtego mmoja ndani ya usiku mbili kuwa dalili ya ujio mkubwa, na kuanzia hapo wanahesabu joto kama nilivyoonyesha. Kwako namba inaweza kuwa nyingine, lakini hesabu ya joto ni ileile: usiku nondo walipojaa ndiyo siku ya sifuri.

Hamisha miche iliyokomaa, shina lenye unene wa penseli, badala ya miche laini ya wiki tatu. Kwa mahindi, panda mbegu chache za ziada kwenye mistari ya ukingo na ya bondeni tu, halafu punguza yakishapita majani sita. Kwa shamba lako la sasa, ukiwa na viwavi wa sentimita 4 mkononi, acha mapengo yalivyo kwa siku saba hadi kumi ukiendelea kuwafukua, ndipo uzibe kwa miche yenye kola. Kizazi kijacho cha nondo kitatoka kwenye pupa hizo wiki mbili hadi tatu baadaye, kwa hiyo magugu ya ukingoni yafyeke kabla ya hapo.